Sketi isiyo na mwenyewe: shajara ya mradi wetu wa uani

Jumamosi, 4 Januari 2025

Tumeanza bila utepe wala mgeni rasmi. Uani kwetu, Temeke, Dar es Salaam, chini ya mwembe, tumeweka meza ya kukunja, mabenchi mawili na boksi la vifaa aliloacha marehemu baba: bisibisi tano, koleo, mita ya zamani ya kupimia umeme, yenye mshale, na kopo la skrubu za kila kabila. Nyumba yetu ina wapangaji sita, na nyumba mbili za jirani zimekubali kuingia. Shabaha ni ndogo. Kabla mtu hajapanda daladala kwenda Kariakoo kununua kitu kipya, asubiri Jumamosi ya kwanza ya mwezi, apite hapa aulize: kipo cha kutengenezwa? Kipo cha kuazimwa? Kipo cha kubadilishana?

Wazo lilinijia Desemba, tulipokuwa tunapaka rangi vyumba na kila mtu akalazimika kutoa vyake nje. Chini ya vitanda vya nyumba nzima zilitoka feni nne zisizozunguka, pasi mbili, birika la umeme, redio, na viatu vya shule vya watoto ambao sasa wana ndevu. Hakuna aliyevitupa na hakuna aliyevitengeneza. Mimi ni karani wa stoo, kuhesabu vitu ndiyo kazi inayonilisha, lakini sikuwahi kuhesabu vya nyumbani.

Nimesoma kwamba Amsterdam, Oktoba 2009, mwandishi wa habari aitwaye Martine Postma aliwakusanya watu wenye vitu vibovu na watu wenye ujuzi wakae meza moja, wakapaita Repair Café, na mtindo ukasambaa nchi nyingi. Nilicheka kidogo. Kutoka kwetu hadi Gerezani ni nauli ya daladala moja, na Gerezani mtu anakukunjia bati, anakusukia mota na kukufufulia jiko umesimama pale pale. Mafundi wako baraza la tatu kutoka kwangu. Sasa zile feni nne zilikuwa zinangoja nini chini ya vitanda? Hilo ndilo ninalotaka daftari hili linijibu.

Jumamosi, 11 Januari

Kikao cha dharura, kwa sababu ya sare. Januari kwetu ina siku tisini: kodi, ada za wale wa shule za kulipia, madaftari, viatu, na bado deni la Krismasi. Shule nyingi za msingi za serikali huku zinavaa mamoja, shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu, na tofauti iko kwenye sweta. Kwa hiyo nikajiambia hili litakuwa jepesi kuliko yote. Watoto wanakua, sare haziishi, wanabadilishana, basi.

Tulitandika mkeka tukapanga vipande kumi na vinne, vimefuliwa na kupigwa pasi. Akina mama walikuja, wakashika kitambaa kwa vidole viwili, wakasifu, wakaaga. Kufikia adhuhuri imechukuliwa sketi moja.

Jumanne, 14 Januari

Sketi imerudi. Imeletwa ndani ya mfuko, imekunjwa vizuri kuliko ilivyoondoka.

"Usinichukulie vibaya, jirani," mama yake akaniambia. "Mtoto kaivaa siku moja tu. Mwenzake darasani kamwambia, hiyo sketi ya dada yangu, angalia kiunoni ina uzi mwekundu, mama alishona usiku umeme umekatika. Kaja nyumbani analia. Nimeshamkopea mpya."

Nikaitazama kiunoni. Kweli, mishono kama saba ya uzi mwekundu juu ya bluu.

Sikumlaumu mtoto. Ila mama huyu huyu, kila Jumapili asubuhi, yuko soko la Karume balo likifunguliwa, anagombania blauzi iliyokwisha kuvaliwa na mtu wa Ujerumani. Wazee walikuwa wakiziita nguo hizo kafa Ulaya. Aliyekufa Ulaya hatufahamu sisi na sisi hatumfahamu. Hatapita mtaani akasema hiyo ilikuwa yangu. Mtumba hauna aibu kwa sababu umevuka bahari. Sketi yetu imevuka uchochoro tu.

Jumamosi, 1 Februari

Joto la kupasua mawe, kwa hiyo leo ni feni na feni tu. Kijana wa nyumba ya pili anayesoma ufundi VETA Chang'ombe amekuja na mita yake ya namba. Ya baba yenye mshale ameitazama kwa heshima, akaiweka pembeni.

Feni ya kwanza, ya kusimama, ni ya mama wa chumba cha tatu. Ukiiwasha inaunguruma lakini mapanga hayasogei. Ukiyasukuma kwa kidole yanaanza kuzunguka kivivu. Nyumba nzima ilishaitangaza imekufa. Kijana akachomoa plagi, akavua kofia ya nyuma. Vumbi lilikuwa limeshikana kama sufi. Kando ya mota kuna kijisanduku cheusi kidogo kuliko kiberiti, kina waya mbili. Hiyo ndiyo kapasita. Inaipa mota msukumo wa kuanzia. Ikichoka, umeme unafika lakini mota haina nguvu ya kuondoka. Ubavuni iliandikwa maikrofaradi 2. Mita ikasoma 0.7.

Mpya tulikuwa tumeinunua jana yake kwa shilingi 2,000. Dakika kumi za kukata, kuunga na kufunga utepe. Alipoiwasha, karatasi zote za mezani ziliruka, na mimi nikapiga kelele kama mtoto.

Mwenye feni hakupiga kelele. Alikuwa ameshanunua nyingine Novemba, kwa 48,000. Akasimama mbele ya ile ya zamani, kanga inapepea, akasema taratibu, "Kwa hiyo ilikuwa na njaa tu."

Ya pili ilikuwa nzito kuzunguka kwa sababu mtu aliitia mafuta ya kupikia. Mafuta ya kupikia yakipata joto la mota yanageuka gundi. Tukafuta shafti kwa mafuta ya taa, tukaweka matone mawili ya mafuta ya cherehani, ikapona. Ya tatu ilikuwa imekata ile fyuzi ndogo ya joto iliyofichwa ndani ya nyaya za mota. Wako mafundi wanaoiruka kwa kipande cha waya na feni inazunguka, lakini fyuzi ile ndiyo inayozuia mota kuwaka moto watu wamelala. Tukakataa kuiruka, tumeandika namba yake, tutaitafuta. Ya nne mota imeungua, harufu peke yake ilitosha. Tumeipasua tukabakiza mapanga, stendi na waya.

Jumamosi, 1 Machi

Ugomvi wa kwanza, na umekuja mahali sikutegemea. Fundi redio wa baraza la tatu amepita, amesimama mlangoni na mikono nyuma. Akasalimia, akatazama meza, akauliza swali moja: "Hapa mnatengeneza bure?"

Nikasema bure.

"Sawa. Na mimi nile wapi?"

Hapo nikaona kwamba nimeazima kitu cha Amsterdam bila kukipima mwilini. Kule fundi wa kujitolea ana mshahara mwingine. Hapa fundi ndiyo kazi yake, na kila feni tunayoifufua bure ni mkate umetolewa mezani kwake. Tumebadilisha kanuni siku hiyo hiyo: fundi akikaa mezani analipwa kazi yake, na vipuri vinalipwa na mwenye kitu. Uani kazi yetu ni kumleta mgonjwa na daktari mahali pamoja, na kumhakikishia mgonjwa kwamba hatabadilishiwa figo. (Nyote mnajua ninachosema. Umeacha redio kwa mtu asubuhi, jioni inarudi nyepesi.) Hii ya kutengeneza mbele ya macho ya mwenyewe, nadhani, ndiyo iliyoleta watu kuliko bei.

Kuhusu malipo, kijana wa VETA akapendekeza tuchape tiketi zetu: ukitengenezewa unatoa tiketi, fundi anaipeleka kwa mama lishe anapata chakula, mama lishe anashonewa nayo apron. Wazo si la kipuuzi. Mwaka 2013 kule Mombasa, mtaa wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia Bangla-Pesa, vocha za karatasi za kupokeana bidhaa na huduma siku ambazo shilingi zimekauka. Haukupita muda polisi wakawakamata baadhi yao pamoja na mwanzilishi, Will Ruddick. Mashtaka yakafutwa mwaka ule ule, na kazi ile ndiyo iliyokuja kuzaa Sarafu ya kwenye simu. Nikawasimulia wenzangu. Nilipofika kwenye neno polisi, tiketi zikafa kifo cha kawaida. Tunatumia daftari, kama la Mangi wa dukani: nani anamdai nani, kazi gani, lini. Mangi mwenyewe amekubali kutunza nakala, maana mwandiko wangu anauamini kuliko kumbukumbu za watu.

Jumatatu, 24 Machi

Mfungo unaelekea ukingoni na mimi niliropoka. Nilisema watoto wa uani mwaka huu wavae Idi nguo walizonazo, zile nzuri, tuzipige pasi zing'ae. Mzee fundi cherehani, ambaye ni mtu wa msikiti, aliniunga mkono nusu. Alisema kinachopendekezwa ni mtu avae iliyo bora katika alizonazo. Upya si sharti. Akina mama wakamsikiliza kwa adabu zote, halafu mmoja akasema, "Mzee, hayo kawaambie watoto."

Sikuthubutu. Kariakoo imeanza kufanya biashara saa 24, na wiki hii watu wanakwenda baada ya tarawehe wanarudi karibu na daku. Sisi tuna meza moja, Jumamosi moja kwa mwezi. Yako mambo ambayo mradi huu haupaswi kushindana nayo, na furaha ya mtoto asubuhi ya Idi, akinusa shati lenye harufu ya dukani, nimeiweka kwenye orodha hiyo.

Jumamosi, 3 Mei

Kabati la kuazimana limefeli, niandike waziwazi. Tuliweka ngazi, drili, nyundo mbili, msumeno na toroli la kuchangia. Tangu Februari: msumeno umerudi bila meno mawili, drili iko kwa shemeji wa mtu Kigamboni, na ngazi imeondoka tarehe 6 Aprili na aliyeichukua kila nikimpigia yuko "njiani". Azima haifi, mwenye kuazima ndiye anayekufa, naanza kuamini.

Lakini wiki hii kulikuwa na shughuli nyumba ya nne, arobaini ya mtoto, na nilikaa jikoni na akina mama wakati wa kurudisha vyombo. Sufuria saba kubwa, sinia, majagi, sahani zaidi ya mia, kutoka nyumba labda kumi na tano. Nilitazama vinavyotenganishwa. Bibi mmoja alikaa kwenye kigoda, anageuza kila chombo kichwa chini, anasoma kitako: doa la rangi ya kucha nyekundu ni vya nyumba ya kona, madoa mawili ya pinki, vya Mama wa maandazi, herufi iliyochongwa kwa msumari, vya kikundi cha akina mama. Nusu saa, kila chombo kimejua njia ya kwao. Hakukosekana hata kijiko. Nikamuuliza ni miaka mingapi wanafanya hivi.

"Tangu nimeolewa, mwanangu."

"Na havipotei?"

"Vitapoteaje, na jina viko nalo?"

Nimerudi nyumbani sina usingizi. Sufuria inatembea mtaa mzima kwa sababu ina alama ya mwenyewe. Sketi ya shule ilikataa kutembea kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tulifanya kinyume pote pawili: vifaa vya kabati tuliviita vya wote, vikawa havina wa kuvililia, sare tukazigawa zikiwa bado na uzi mwekundu kiunoni.

Jumapili, 4 Mei

Nimenunua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, 1,000. Kitu kipya, naam, nimekiandika kwenye daftari. Nyundo, koleo, bisibisi na msumeno kibogoyo vimerudishwa kwa waliovitoa, kila kimoja na doa lake. Hakuna tena kabati. Kuna orodha tu ukutani: drili kwa nani, msumeno kwa nani. Unakwenda kwake, unabisha hodi, unaomba. (Nimeongeza baadaye: drili imerudi kutoka Kigamboni siku ya tatu baada ya mwenyewe kutajwa kwa jina ukutani.)

Jumamosi, 7 Juni

Wengi wako kwenye sikukuu ya kuchinja, hatukufungua. Nimepeleka furushi la sare Mbagala, kwa dada yangu, ambaye mtaani kwao wana mkeka wao sasa. Vipande ishirini na mbili. Kabla ya kufunga, mimi na mzee wa cherehani tulikaa na wembe tukafumua kila alama: majina ya wino kwenye kola tumeyafunika kwa kitambaa, nyuzi za rangi tumezitoa tukashona upya kwa bluu, vifungo tumevilinganisha. Ile sketi ya Januari ilikuwa humo. Mbagala wametupa ishirini na tatu. Si bahari, lakini ni mbali kiasi cha kutosha kwa mtoto wa darasa la nne.

Jumamosi, 5 Julai

Mkeka leo haukukaa hata saa moja. Vyote ishirini na vitatu vimekwisha, na mama aliyerudisha sketi Januari amechukua mbili. Kuna aliyeuliza kama "mzigo wa Mbagala" utakuja tena. Mzigo! Wanaziita mzigo, kama balo. Sina ugomvi na hilo. Tatizo limebaki masweta, kila shule rangi yake, na hapo hatuna dawa.

Birika la umeme limetushinda. Skrubu zake zina kichwa cha pembetatu. Hakuna bisibisi ya duka la mtaani inayoingia humo. Mtengenezaji hakuhitaji pembetatu ili birika lifunge. Aliihitaji ili sisi tusifungue. Mzee alisugua msumari kwa tupa mpaka ukawa na pembe tatu, akafungua, nasi tukashangilia. Ndani swichi ya kitako imeungua, na ni ya plastiki iliyounganishwa moja kwa moja na kitako chote. Haiuzwi peke yake. Ulaya, tangu Machi 2021, kuna kanuni zinazomlazimu mtengenezaji wa friji kuendelea kutoa vipuri kwa angalau miaka 7, na wa mashine za kufulia miaka 10. Birika letu halikuzaliwa chini ya kanuni yoyote. Limekwenda kwa kijana wa chuma chakavu, shilingi mia tano.

Mchana, watu walipopungua, nilimpa mzee shati langu jeupe la kazini, kola imelika pale kidevu kinapogusa. Nilidhani atatia kiraka. Akaishika kola kwenye mwanga, akaniuliza, "Hii umeshawahi kugeuza?" Sikujua hata kuna kitu kama hicho. Akachukua wembe, akapitisha chini ya mshono taratibu, uzi mmoja mmoja, mpaka kola yote ikatoka mkononi kama kipande cha samaki. Akaikunja katikati, akaweka alama ya chaki, akaikunja na ile shingo yenyewe, akaweka chaki nyingine. Kisha akaigeuza, upande uliolika ukaenda chini na ule ambao haujaona jua kwa miaka sita ukaja juu, akalinganisha chaki na chaki, akashona. Shilingi 2,000. Shati limekuwa jipya kuanzia shingoni.

Nikamwambia huu ndio utamaduni tunaotaka kuurudisha. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Mwanangu, usiupambe. Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tunapanga foleni duka la kaya, sabuni kwa mgao, kitambaa ukikipata umeotea. Mimi niligeuza kola za watu wakubwa, wenye ofisi, kwa sababu shati halikuwepo. Mzee Mwinyi alipoingia, ruksa ikaja, mitumba ikamwagika, nilifurahi. Kazi ya kola ilikufa na mimi nilifurahi." Akavua miwani akaifuta kwa kanzu. "Sasa nyie mnavyo vyote, mnakuja kuniambia kola ni falsafa."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilimlipa 3,000. Alinirudishia chenji.

Jumamosi, 2 Agosti

Hesabu za stoo, kwa ufupi. Feni saba zimepona kati ya kumi na moja. Pasi zote mbili, na redio. Viatu jozi tisa vimeshonwa na fundi viatu, ambaye sasa anahamisha kigoda chake kuja kwetu kila Jumamosi ya kwanza bila kuitwa. Kola nne zimegeuzwa, tatu za kwangu. Fundi redio amekaa mezani mara mbili. Analalamika chai yetu haina sukari.

Waliokwenda Kariakoo hata hivyo, bila kupita kwetu: siwahesabu, nami nilikwenda mara mbili.

Ya mwezi ujao, yameandikwa ukutani: kapasita nne za 2 na mbili za 1.5. Fyuzi ya joto ya feni ya chumba cha pili, safari hii iletwe na namba yake. Uzi wa bluu. Kuwauliza Mbagala kama wana mtu wa masweta. Rangi ya kucha imekauka, mwenye nyingine alete. Na ngazi imepatikana, iko Tandika, mtu kaifanya kitanda cha kuku. Anayetaka kuifuata aje na mimi Jumapili, ila tuwe na maneno mazuri, kuku wameshataga.